Muulize Daktari: Vidonge vya kunenepa, presha isiyoshuka, na tezi mbili zilizokaa juu ya figo

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kuhusu vidonge vya kunenepa, kwamba vinazilaza tezi za adrenali, na hiyo mistari miwili imeleta maswali mengi ajabu. Basi safari hii ukurasa wote ni wa tezi hizo. Ziko mbili, moja juu ya kila figo, kila moja ina gramu kama 4 au 5 tu, na tunachozungumzia hapa ni lile gamba la nje ambalo ndo sehemu kubwa ya tezi, linalotengeneza homoni za kotisoli, aldosteroni na androjeni. Kiini cha ndani kinachotoa adrenalini tutakigusa kidogo tu.

Dokta shikamoo. Mimi ni dada wa miaka 24, nipo Mbagala. Nilikuwa mwembamba watu wakawa wananisema sana, rafiki yangu akanipeleka kwa mdada anauza vidonge vya kunenepa, anakupimia kwenye kinailoni havina boksi wala jina. Unameza viwili asubuhi kimoja jioni. Kweli nilinenepa, mashavu na tumbo vikajaa, ila miguu ikabaki vile vile. Nilitumia miezi saba, mchumba wangu akanikataza nikaacha siku ile ile. Sasa hivi ni wiki ya pili sina nguvu kabisa, kichefuchefu, nikisimama naona giza, viungo vinauma, chakula hakipandi. Nimepima malaria hamna, UTI hamna, mimba hamna. Hii ni nini?

Marahaba mdogo wangu. Acha kwanza kusoma, nenda hospitali leo hii, na kile kinailoni kama bado kipo kibebe. Ukifika usiseme tu najisikia mchovu, sema hivi: nimetumia vidonge vya kunenepa miezi saba, nahisi ni steroidi, nikaacha ghafla. Hayo maneno ndo yatamfanya daktari akupime presha ukiwa umelala kisha umesimama, apime sukari na chumvi za damu, na akikuta umeshuka sana akuchome haidrokotisoni miligramu 100 na kukutundikia dripu ya maji ya chumvi bila kusubiri majibu ya maabara. Hali hii ikizidi inaua, na inaua watu ambao walikuwa wanasubiri majibu.

Ukisharudi nyumbani endelea hapa.

Kidonge chako sijakiona, ila uso kuwa duara na tumbo kujaa huku mapaja na miguu inabaki myembamba, hiyo ni alama ya steroidi, yaani dawa zinazofanya kazi kama kotisoli, kwa sababu steroidi nyingi zinahamishia mafuta usoni, shingoni na tumboni na wakati huo huo zinakula misuli ya mikono na mapaja. Vidonge vinavyouzwa namna hiyo mara nyingi ni deksamethasoni au prednisoloni, na mara nyingi vinapewa pamoja na siproheptadini, dawa ya aleji inayoongeza hamu ya kula. Dawa zote hizi zina kazi yake halali hospitalini, deksa imeokoa watu wa Uviko waliokuwa wanahitaji oksijeni, tatizo ni kupimiwa kwenye kinailoni kwa miezi.

Sasa fanya hesabu na mimi. Mwili wa mtu mzima mwenye afya, siku ya kawaida, unatengeneza kotisoli kama miligramu 10 hivi. Kidonge kimoja cha deksa cha nusu miligramu kina nguvu ya kotisoli miligramu 13 na kidogo. Kama vyako vilikuwa hivyo, vitatu kwa siku ni kama miligramu 40, yaani mara nne ya kile mwili ulichokuwa unajitengenezea wenyewe, na deksa ikiingia inafanya kazi zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hata usiku mwili haupati muda wa kupumzika nayo.

Na hapo ndo kiini cha jambo. Tezi ya adrenali haiweki stoo ya kotisoli. Ni kama mama wa chapati anayesukuma mteja akishaagiza, bila oda meza iko tupu. Oda inatoka kwenye ubongo: sehemu inayoitwa haipothalamasi inatoa homoni ya CRH, hiyo inaiamsha tezi ya pituitari chini yake, pituitari inamwaga homoni ya ACTH kwenye damu, ACTH inafika kwenye gamba la adrenali na ndani ya dakika chache kotisoli inaanza kutoka. Kotisoli ikishapanda inarudi kule kule kwenye ubongo na kuwaambia wote wawili inatosha, punguzeni. Ubongo haujui na haujali kama kotisoli hiyo imetoka kwenye tezi yako au kwenye kinailoni cha yule mdada. Ukiona imejaa unakata oda. Ukikata oda miezi saba mfululizo, tezi yenyewe inasinyaa, kwa sababu ACTH pamoja na kuagiza kotisoli ndo hiyo hiyo inayolifanya gamba liendelee kuwa na unene na chembe (seli) zake za kazi.

Wewe siku uliyoacha uliondoa ya nje wakati ya ndani bado imelala. Kotisoli ndo inayoifanya mishipa ya damu iitikie adrenalini ikaze, bila hiyo ukisimama presha inadondoka unaona giza. Ndo inayolisaidia ini kutoa sukari ukiwa hujala. Ndo inayozuia kinga ya mwili isiwake ovyo, ndo maana viungo vinauma. Vyote ulivyoviandika vinaanguka hapo.

Hospitali watakachofanya, ukishatulia, ni kukurudishia kiasi kidogo kinacholingana na mahitaji ya mwili, mara nyingi haidrokotisoni au prednisoloni, halafu kukipunguza polepole sana huku wakipima kotisoli ya asubuhi. Ikizidi nanomoli 300 kwa lita kwa kawaida tezi imeshaamka, ikiwa chini ya 150 bado imelala unaendelea na dozi. Hii inaweza kuchukua miezi, kwa wengine inavuka mwaka. Ndani ya muda huo ukipata homa dozi inaongezwa mara mbili au mara tatu kwa siku za homa, ukitapika dawa hazikai unakwenda kuchomwa sindano, na ukienda kwa upasuaji au hata kung'oa jino unawaambia mapema. Andika kwenye karatasi, weka kwenye pochi: natumia steroidi, nisikatishwe ghafla. Na mchumba wako mwambie alikuwa na nia njema ila safari nyingine mje wote kwanza.

Kuna dada wengine wanne wameandika kuhusu mkorogo, jibu lao ni hili hili. Krimu nyingi za kung'arisha zina klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali, na ukijipaka mwili mzima asubuhi na jioni inapita kwenye ngozi inaingia kwenye damu na ubongo unakata oda vile vile. Mtu anakwambia mimi sijawahi kumeza dawa yoyote ya steroidi, halafu unamkuta ana michirizi mipana ya zambarau tumboni na ngozi imekuwa kama karatasi. Msiache ghafla nyinyi pia, njooni kliniki.

Habari daktari, mimi nasoma utabibu mwaka wa pili hapa Morogoro. Tunakariri tu chumvi, sukari, jinsia (yaani aldosteroni, kotisoli, androjeni) kwa tabaka tatu za gamba la adrenali, lakini sielewi inakuwaje malighafi ni moja, kolesteroli, halafu kila tabaka linatoa kitu chake. Na kwa nini ACTH inaagiza kotisoli lakini aldosteroni haiisikilizi sana?

Swali zuri sana hili, na ukilielewa hutakuja kukariri tena.

Malighafi kweli ni moja. Chembe za gamba zinavuta kolesteroli kutoka kwenye damu, zaidi ile inayosafiri kwenye LDL, vifurushi vya kubebea mafuta kwenye damu, na nyingine zinajitengenezea. Hatua inayobana kuliko zote ni kuiingiza kolesteroli ndani kabisa ya mitokondria, vile vijumba vya nishati ndani ya chembe, kwenye utando wa ndani, kwa sababu haiwezi kujipitisha yenyewe. Kuna protini inaitwa StAR ndo inaipitisha. ACTH ikigusa kipokezi chake juu ya chembe inapandisha cAMP, mjumbe wa ndani ya chembe, na moja ya vitu vya kwanza vinavyotokea ni StAR kuongezeka. Ikishaingia, kimeng'enya kimoja, yaani protini inayogeuza kemikali moja kuwa nyingine, kinaikata mkia inakuwa pregnenoloni. Mpaka hapo tabaka zote tatu zinafanya kitu kile kile.

Tofauti inakuja kwenye vimeng'enya vinavyofuata, kila tabaka lina vyake na limekosa vya mwenzake. Tabaka la nje kabisa, glomerulosa, halina kimeng'enya cha 17-haidroksilesi, kwa hiyo hata lingetaka kotisoli haliwezi, njia imefungwa. Lakini ndo peke yake lenye aldosteroni sinthesi, kile cha mwisho kinachomaliza aldosteroni. Tabaka la kati, fasikulata, ndo nene kuliko yote, lina 17-haidroksilesi, halafu 21-haidroksilesi, halafu 11-beta haidroksilesi, ukipita hapo umeshapata kotisoli. Angalia pia safari yenyewe ilivyo ya ajabu: kazi inaanzia kwenye mitokondria, inatoka nje kwenye endoplazimiki retikulamu, halafu hatua ya mwisho inarudi tena kwenye mitokondria. Tabaka la ndani, retikularisi, ndo linachukua 17-haidroksi pregnenoloni na kuikata iwe DHEA, androjeni dhaifu, na nyingi linaiongezea salfeti. Tabaka hilo kwa mtoto mdogo halijakomaa, linaanza kuchangamka miaka 6 mpaka 8 hivi, ndo maana mtoto wa umri huo anaweza kuanza kunuka kikwapa kabla hata ya dalili nyingine za balehe na mama yake anashtuka bure.

Sasa aldosteroni. Kazi yake ni kuiambia figo rudisha sodiamu, toa potasiamu. Kwa hiyo ni haki aagizwe na wanaojua habari za maji na chumvi, siyo ubongo unaoshughulika na njaa na hofu. Damu ikipungua au presha ikishuka, chembe maalumu kwenye figo zinatoa renini, renini inaikata protini ya ini inaitwa anjiotensinojeni inakuwa anjiotensini ya kwanza, kimeng'enya cha ACE ambacho kipo kwa wingi kwenye mapafu kinaigeuza kuwa anjiotensini ya pili, hiyo ndo inaligusa tabaka la nje na aldosteroni inatoka. Muagizaji mwingine ni potasiamu yenyewe, ikipanda kidogo tu kwenye damu tabaka la nje linahisi moja kwa moja. ACTH inasukuma kidogo, kwa muda mfupi.

Rudi sasa kwa dada wa Mbagala uone faida ya kuelewa. Yeye ACTH yake imezimwa na vidonge, tabaka mbili za ndani zimesinyaa, lakini la nje lipo salama kwa sababu renini haijaguswa. Kwa hiyo yeye kwa kawaida potasiamu haitapanda na hatakuwa na ile njaa kali ya chumvi. Mgonjwa ambaye tezi yenyewe imeharibika anakosa vyote. Ukiwa wodini usiku, hiyo tofauti moja inakuelekeza tatizo liko juu kwenye ubongo au chini kwenye tezi.

Halafu kitu kimoja ambacho vitabu vinakipitia haraka: damu ndani ya tezi inatoka nje kwenda ndani, kwa hiyo kiini kinaoga kotisoli nzito kutoka kwenye gamba, na kotisoli hiyo ndo inakiwezesha kiini kugeuza noradrenalini kuwa adrenalini. Mimi kila nikilifikiria hili naona raha.

Salaam aleikum daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 38, Mombasa. Presha yangu hukataa kushuka, natumia dawa tatu. Juzi vipimo vikaonyesha potasiamu iko chini, na misuli ya miguu hunikaza usiku. Daktari akasema huenda shida ni tezi ilioko juu ya figo. Mbona tezi ilete presha, na nikiwa nakunywa losatani?

Waaleikum salaam ndugu yangu. Daktari wako anafikiri vizuri sana, mshikilie.

Nimeeleza hapo juu kwa yule mwanafunzi kwamba aldosteroni inarudisha sodiamu na kutupa potasiamu, na inaagizwa na renini. Kwa watu wengine tezi moja inaota kiuvimbe kidogo, mara nyingi hakifiki hata sentimita mbili na siyo kansa, au tezi zote mbili zinanenepa, na zinaanza kutoa aldosteroni bila kuagizwa na mtu. Sodiamu inajaa, maji yanaifuata, presha inapanda. Figo ikiona presha imepanda inazima renini kabisa, lakini haisaidii kitu maana tezi haimsikilizi renini tena. Losatani inaziba mlango wa anjiotensini ya pili, na kwako mlango huo hauna mtu anayepita, ndo maana dawa ni nzuri lakini kwako haifui dafu. Potasiamu nayo inatoka na mkojo, misuli inakaza usiku.

Aliyeeleza ugonjwa huu ni Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, miaka ya 1954 na 1955, aldosteroni yenyewe ilikuwa imegunduliwa juzi tu, 1953. Zamani ulidhaniwa ni wa nadra, siku hizi inajulikana kuwa kati ya watu wenye presha kama 5 mpaka 10 kwa kila 100 wanao, na wengi wao potasiamu iko kawaida tu kwa hiyo hakuna anayewashuku.

Kipimo ni cha damu, aldosteroni na renini kwa pamoja, unaangalia uwiano: aldosteroni juu, renini imelala. Ila kabla ya kipimo potasiamu irekebishwe kwanza, kwa sababu ikiwa chini inaivuta aldosteroni chini na kipimo kinakudanganya kwamba huna shida. Na kama umeshaanzishiwa spironolaktoni daktari ataamua kama isimamishwe kwa wiki kadhaa, usiisimamishe mwenyewe. Ikithibitika wanatafuta ni tezi moja au zote. Ikiwa moja inaweza kutolewa kwa upasuaji wa tundu, ile nyingine inatosha kukulea maisha yote. Zikiwa zote mbili ni spironolaktoni, dawa ya bei ya kawaida inayomfungia aldosteroni mlango kule kule kwenye figo, wanaume wengine inawavimbisha matiti kidogo, ukiona hivyo sema usinyamaze. Punguza na chumvi. Kwa mwenye shida hii chumvi ina madhara zaidi kuliko kwa jirani yake.

Daktari naandika kutoka Mwanza nina maumivu makubwa. Nimejifungua mtoto, wakunga wakashindwa kusema ni wa kike au wa kiume. Siku ya kumi na mbili akaanza kutapika, hanyonyi, anapungua uzito, tukakimbizwa hospitali ya rufaa akawekwa dripu akazinduka. Wamesema ni wa kike na tezi zake hazitengenezi homoni, atakunywa dawa maisha. Mama mkwe anasema huyo mtoto si wa kawaida, tumerogewa. Naomba unieleze kwa lugha ya kawaida.

Pole sana mama, na hongera kwa kumkimbiza kwa wakati, watoto wengi wenye shida hii wanaondoka na watu wanaandika ni kuhara au maambukizi.

Mtoto wako amezaliwa na kasoro kwenye kimeng'enya kimoja tu, ile 21-haidroksilesi niliyoitaja hapo juu. Ni kituo kimoja kwenye njia ya kutengeneza kotisoli na hicho hicho kinahitajika kwenye njia ya aldosteroni. Tangu akiwa tumboni mwako tezi zake zilikuwa zinajaribu kutengeneza kotisoli zinakwama pale. Ubongo wake ukaona kotisoli haipo, ukaongeza oda, ACTH ikapanda na kupanda. Tezi zikanenepa, malighafi zikajaa nyuma ya kizuizi, na njia pekee iliyokuwa wazi ilikuwa ni ya androjeni, homoni za kiume. Hizo androjeni zilizojaa ndo zikabadilisha umbo la sehemu zake za siri za nje kabla hajazaliwa. Ndani ana mji wa mimba na ovari kama msichana yeyote. Ni msichana wako, na wengi wenye hali hii wakitibiwa vizuri wanakua, wanasoma, na wengine wanapata watoto wao wenyewe.

Kutapika na kupungua wiki ya pili ni kwa sababu hana aldosteroni, chumvi ilikuwa inatoka yote na mkojo. Inatokea wiki ya kwanza mpaka ya tatu, na mtoto wa kiume mwenye shida hii ndo yuko hatarini zaidi, kwa nje anaonekana hana tatizo lolote, anaruhusiwa nyumbani, halafu anaweza kufa ghafla.

Dawa zake ni haidrokotisoni mara tatu kwa siku, fludrokotisoni badala ya aldosteroni, na chumvi kidogo kwenye miezi ya mwanzo kama wameelekeza. Ona haidrokotisoni inavyofanya kazi mbili: inampa kile anachokosa, na hapo hapo inarudi kwenye ubongo kuuambia inatosha, ACTH inashuka na androjeni zinashuka. Dozi ikiwa ndogo mno androjeni zinarudi, ikiwa kubwa mno urefu wake unadumaa, kwa hiyo kliniki usikose na kila mara apimwe urefu na uzito. Akipata homa dozi inazidishwa, akitapika akachomwe. Omba ufundishwe kuchoma mwenyewe nyumbani, akina mama wanaweza kabisa. Na kuhusu upasuaji wa kurekebisha umbo, usikubali kukimbizwa, uliza maswali yote, haulazimiki kufanyika leo.

Mama mkwe mwambie kwa heshima, mkae chini na mumeo awepo: nakala ya jeni hii yenye kasoro mtoto amepata moja kwa baba na moja kwa mama, nyinyi wenyewe mna moja moja ndo maana hamuumwi. Hakuna mwenye kosa. Kila ujauzito wenu kuna nafasi 1 kati ya 4 ikajirudia, kwa hiyo mkipata mwingine waambieni hospitali mapema.

Mume wangu anatibiwa TB, yuko mwezi wa pili wa dawa, sisi tupo Kigoma. Badala ya kupata nafuu amezidi kukonda, anatapika, anaomba chumvi mpaka analamba, na amekuwa mweusi. Yeye ni mweusi tangu zamani lakini huu weusi ni mwingine, mpaka fizi. Ni dawa?

Dada umeangalia vizuri kuliko wengi wetu. Kwa mtu mweusi hii dalili inatupita, inabidi uangalie pale ambapo hapakuwa na weusi: fizi, ndani ya midomo, mistari ya viganja, vifundo vya vidole, kovu la zamani. Mwambie afungue kiganja, kama ile mistari imekuwa kama imechorwa kwa wino, mpeleke leo hii.

Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1855, na kadhaa kati ya wagonjwa wake tezi zilikuwa zimeliwa na TB. Nchi tajiri siku hizi sababu kubwa ni kinga ya mwili kushambulia tezi, kwetu TB bado ipo. Gamba likishaharibika kotisoli inakosekana, ubongo unapandisha ACTH kupita kiasi, na ACTH inafanana na homoni inayoiamsha ngozi kutoa weusi maana zote zinakatwa kutoka protini moja. Aldosteroni nayo hamna, ndo maana analilia chumvi.

Kwa nini azidiwe baada ya kuanza dawa: rifampisini, moja ya dawa za TB, inalifanya ini lichome kotisoli haraka zaidi. Mtu ambaye tezi zake zilikuwa zinajikongoja na kidogo kilichobaki, rifampisini inakimaliza. Lakini asiache dawa za TB, akiziacha TB itamuua. Anatakiwa kuongezewa haidrokotisoni na fludrokotisoni, na kwa sababu ya rifampisini dozi yake ya haidrokotisoni itakuwa kubwa kuliko ya wengine. Mwambie daktari maneno hayo hayo: fizi, chumvi, rifampisini.

Mimi ni mlinzi wa usiku Dodoma. Nimeandikiwa kipimo cha kotisoli niende saa mbili asubuhi. Mbona saa hiyo ndo natoka lindo?

Kwa mtu anayelala usiku kotisoli inapanda kuanzia alfajiri, inafika kileleni karibu na muda wa kuamka, inashuka mchana kutwa, na saa sita usiku akiwa usingizini iko chini kabisa. Viwango vya maabara vimewekwa kwa mtu wa namna hiyo. Wewe saa yako inaweza kuwa imegeuka nusu au haijageuka, kwa hiyo mwambie daktari ratiba yako halisi, na kama una likizo karibu, kapimwe ukiwa umeshalala usiku kama watu wengine kwa wiki mbili tatu.

Dokta nauliza kifupi, natumia pampu ya pumu ya flutikasoni na pia niko kwenye ARV. Nimesoma kwenye toleo lile kuhusu steroidi nimeogopa, niache pampu?

Usiache. Pumu isiyotibiwa ndo hatari zaidi, na steroidi ya pampu ni dozi ya mikrogramu inayolenga mapafu, kwa watu wengi haifiki kwenye ubongo kiasi cha kukata oda. Sukutua mdomo na uteme baada ya kuvuta. Ila soma majina ya ARV zako. Kama kuna ritonavia au kobisistati ndani yake, hizo zinalizuia ini kuivunja flutikasoni, inajikusanya kwenye damu wiki baada ya wiki, na mtu wa pampu tu anaishia na uso duara na tezi zilizolala kama aliyemeza deksa. Ukikuta mojawapo, endelea na zote mpaka umemuona daktari, mwambie akubadilishie pampu iwe ya beklomethasoni, na kama uso umeshaanza kujaa apime kotisoli ya asubuhi kabla hajakubadilishia.